Haki ya Jirani katika Sauti ya Gari

KHUTBA YA KWANZA

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akampa masikio apate kusikia, na moyo apate kuzingatia. Tunamshukuru kwa neema zake, tunamwomba msaada na msamaha, na tunajikinga kwake na shari za nafsi zetu. Tunashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, na tunashuhudia kwamba Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimfikie yeye, jamaa zake, sahaba zake, na kila afuataye mwendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunakuusieni nyinyi, na tunaziusia nafsi zetu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, katika makubwa na katika yale tuyaonayo kuwa ni madogo.

Ndugu Waislamu, mliomo msikitini na mnaotusikiliza majumbani: leo tumekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda mtu akaliona dogo mno kupandishwa juu ya mimbari. Jambo lenyewe ni besi ya redio ya gari. Makusudio yetu ni ule mshindo mzito utokao katika spika kubwa zinazofungwa milangoni na ndani ya buti, ambao hufika kabla gari lenyewe halijaonekana, na huendelea kusikika baada ya gari kupita. Tumeona vyema tulizungumze kwa sababu dini yetu haikuacha jambo linalomgusa jirani bila ya kuliwekea hukumu, na kwa sababu maudhi haya yameenea katika miji yetu, Mombasa, Dar es Salaam na Unguja, hata watu wengine wameyazoea kwa kukata tamaa.

Kwanza tuondoe jambo moja lisije likatupoteza njia. Hatukusimama leo kueleza hukumu ya muziki. Maneno ya wanavyuoni juu ya hilo yanajulikana, na mwenye kutaka kuyajua hakosi mwalimu. Tunalolisema leo linamhusu hata yule asiyefungulia muziki kabisa, bali huweka katika gari lake Qur'ani, kasida au mawaidha. Maana wako vijana wema, wanaosali na kufunga, wanaodhani kwamba maadamu kinachosomwa ni kitu kitukufu, basi kiasi cha sauti hakina lawama. Dhana hiyo si sahihi, na inshallah tutaeleza kwa nini.

Natujue kwanza besi ni kitu gani. Sauti ni mtetemo wa hewa. Sikio la mwanadamu, kwa kudra ya Mola wake, husikia tangu mitetemo 20 hivi kwa sekunde moja mpaka kiasi cha 20,000. Mitetemo iliyo mingi hutoa sauti nyembamba, kama ya filimbi. Mitetemo iliyo michache hutoa sauti nene, kama ya ngoma kubwa, na hiyo ndiyo besi. Wimbi la sauti yenye mitetemo 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita 7. Wimbi refu namna hiyo halizuiwi na pazia, wala dirisha, wala mlango. Hupenya ukuta, na pengine huutikisa. Sauti nyembamba huzuiwa na kuta, nayo sauti nene ikaendelea na safari yake mpaka vyumba vya ndani.

Zingatieni, ndugu zetu, linalotokana na maumbile haya. Maneno ya msomaji hufahamika zaidi kwa sauti za kati na za juu. Ukuta unazishika hizo, unaiachia besi ipite. Basi kijana aliyesimamisha gari lake usiku nje ya nyumba za watu, akafungulia mawaidha kwa besi kubwa, yeye anasikia maneno ya shekhe. Lakini mgonjwa aliyelala nyuma ya ukuta hasikii neno hata moja. Kadhalika mtoto mchanga, mzee mwenye maradhi ya moyo, na mwanafunzi anayedurusi kwa ajili ya mtihani wake. Kinachowafikia ni mshindo mtupu, unaogonga na kurudia kugonga. Mawaidha hayakuwafikia, yaliyowafikia ni maudhi.

Na hata huyo aliyemo ndani ya gari amejidhulumu. Sauti nene ikizidi huzifunika sauti nyembamba. Wanafunzi wa tajwidi wanajua kwamba herufi za sini, swadi na zai zina sifa ya mluzi, na kwamba fa na tha ni herufi zenye pumzi dhaifu. Herufi hizi zote zinategemea sauti za juu. Besi inapopandishwa kupita kiasi, hizo ndizo zinazopotea mwanzo, hata msikilizaji asiweze kupambanua baina ya sini na tha. Anayedai kwamba amepandisha besi ili Qur'ani isikike vizuri, amefanya kinyume cha alilolikusudia.

Pengine mtu atauliza: Ikiwa madhara ni makubwa hivyo, mbona mwenye gari hayatambui? Jibu ni kwamba zipo sababu za kimaumbile zinazomficha.

Sababu ya kwanza ni tabia ya sikio lenyewe. Sauti ikiwa ndogo, sikio huisikia besi kwa udhaifu kuliko sauti za kati. Jambo hili lilipimwa na watafiti wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, ambao vipimo vyao vilitangazwa mwaka 1933. Kwa hiyo mtu anaposikiliza kwa sauti ya chini huona besi imepungua, akaiongeza. Baadaye akipandisha sauti yote, besi huongezeka masikioni kwa haraka kuliko sauti nyingine, na kilichokuwa kiasi huwa ziada.

Sababu ya pili ni barabara. Ngurumo ya injini na ya matairi juu ya lami ni sauti nene, nayo huifunika besi ya redio. Dereva akiwa katika mwendo wa kasi huiona besi imemezwa, akaipandisha. Kisha hukata kona akaingia mtaani. Mwendo umepungua, ngurumo ya matairi imekwisha, nyumba zimesogea karibu, na watu wamelala. Lakini kitufe kimebaki pale pale kilipokuwa. Mkono uliopandisha kwa ajili ya barabara haukukumbuka kushusha kwa ajili ya jirani.

Sababu ya tatu ni kwamba sikio lililopigwa kwa muda mrefu hufa ganzi. Likifa ganzi, mwenyewe huona sauti ni ndogo, akazidi kuongeza. Taasisi ya Marekani inayotafiti usalama na afya kazini imependekeza kwamba mtu asikae katika sauti ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kwamba kila zikizidi desibeli 3 muda huo ukatwe nusu. Kwa hesabu hiyo, desibeli 94 ni saa 1 tu, na desibeli 100 ni dakika 15. Vijinywele vya ndani ya sikio la mwanadamu vikishakufa havioti tena. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba zaidi ya watu bilioni 1 wenye umri wa miaka 12 mpaka 35 wamo katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya muziki na sauti nyingine kubwa za starehe. Nasi tumekwisha kujulishwa katika Suratul Israi, aya ya 36, kwamba masikio, macho na moyo, vyote hivyo mtu ataulizwa.

Sasa tutazame mafunzo ya dini yetu. Katika Suratu Luqman, aya ya 19, Mwenyezi Mungu ametusimulia kwamba Luqman alimuusia mwanawe awe wa kiasi katika mwendo wake na aiinamishe sauti yake. Tazameni namna mwendo na sauti vilivyowekwa pamoja katika wasia mmoja. Na anayeendesha gari amekabidhiwa vyote viwili.

Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kwamba Mtume (S.A.W.) alipita usiku akamkuta Sayyidna Abubakar akisali kwa sauti ya chini, na Sayyidna Umar akisali kwa sauti ya juu. Alipowauliza, Abubakar alieleza kwamba anayezungumza naye anamsikia, na Umar alieleza kwamba anawaamsha wenye kusinzia na kumfukuza shetani. Basi Mtume (S.A.W.) alimwambia Abubakar aipandishe sauti yake kidogo, na Umar aishushe kidogo. Wote wawili walikuwa na nia njema, na kilichosomwa kilikuwa ni maneno ya Mwenyezi Mungu. Juu ya hayo, kila mmoja alirekebishwa kiasi chake.

Na amepokea Abu Daud kutoka kwa Abu Said Al-Khudri kwamba Mtume (S.A.W.) alipokuwa katika itikafu msikitini, aliwasikia watu wakisoma kwa sauti kubwa. Alilifunua pazia, akawajulisha kwamba kila mmoja wao anamnong'oneza Mola wake, basi wasiudhiane, wala mmoja asimpandishie mwenziwe sauti katika kisomo. Ikiwa Qur'ani yenyewe, ndani ya msikiti, baina ya watu wanaofanya ibada, haikuruhusiwa kuwa chombo cha kuudhiana, je, ni udhuru gani atakaoutoa mwenye sabufa ndani ya buti lake, usiku wa manane, chini ya dirisha la watu?

Lakini hadithi iliyo karibu zaidi na maudhui yetu ni ile aliyoipokea Muslim kutoka kwa Al-Miqdad. Anaeleza kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akija usiku, akitoa salamu kwa sauti ambayo aliye macho anaisikia, na aliyelala haamki. Angalieni upole huu, enyi waja wa Mwenyezi Mungu. Salamu ni dua, nayo imetoka katika kinywa kitukufu kuliko vinywa vyote, na bado imepimwa isimwamshe aliyelala. Hicho ndicho kipimo tunachotaka mkichukue leo mwende nacho majumbani: sauti imfikie anayeihitaji, wala isimvunjie usingizi asiyeihitaji.

Huenda mtu akasema: "Gari ni langu, redio ni yangu, na betri ni yangu." Tunamjibu kwamba wanavyuoni wameizungumza milki ya mtu na mipaka yake tangu zamani. Ibn Qudama, katika wanavyuoni wakubwa wa madhehebu ya Hanbali, aliyefariki mwaka 620 Hijria, ameeleza katika Al-Mughni kwamba mtu hana ruhusa kuitumia milki yake kwa namna ya kumdhuru jirani, na miongoni mwa mifano yake ni karakana ya kupondea nguo ambayo mapigo yake yanatikisa na kuharibu kuta. Ama katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, haki ya mwenye milki imepanuliwa zaidi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameona katika Minhaj kwamba kauli iliyo sahihi zaidi ni kumruhusu mtu kuweka duka la mhunzi hata baina ya wauza nguo. Lakini ameweka sharti: awe amechukua hadhari na kuzitengeneza kuta madhubuti. Basi mwenye gari ana kuta gani? Mabati membamba na vioo havizuii besi. Tena mhunzi yumo katika duka lake, na huyu yumo barabarani, ambayo ni milki ya watu wote. Na Mtume (S.A.W.), katika hadithi waliyoafikiana Bukhari na Muslim, ameitaja haki ya njia, akahesabu ndani yake kuzuia maudhi. Hata ile kauli iliyo pana zaidi, basi, haimpi udhuru.

Tunasema maneno yetu haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu msamaha, sisi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni mwingi wa kusamehe, mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mcheni Mola wenu, na jueni kwamba elimu isiyofuatwa na vitendo ni mzigo juu ya mwenyewe.

Kwa kuwa tumelitaja dhara, imetupasa tutaje na njia ya kuliondoa. Mambo haya ni mepesi, na kila mwenye gari anaweza kuyafanya mwenyewe au pamoja na fundi wake.

La kwanza: kirejeshe kitufe cha besi katikati, kwenye sifuri, na uzime kitufe chochote cha kukoleza besi. Kisha weka kisomo cha msomaji unayemjua vizuri. Ikiwa herufi zake zinapambanuka na sauti yake inafanana na sauti ya mwanadamu aliyekaa mbele yako, basi umekwisha fika, wala huhitaji kuongeza.

La pili: ikiwa gari lina amplifaya, ujue kwamba kile kirekebisho ambacho mafundi hukiita geini hakikuwekwa kwa ajili ya kuzidisha kishindo. Kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na redio. Mwambie fundi aiweke redio kwenye robo tatu ya sauti yake, aipandishe geini polepole mpaka pale sauti inapoanza kukwaruza, kisha airudishe nyuma kidogo. Ikipandishwa kupita hapo, amplifaya huvikata vichwa vya mawimbi ya sauti, na koili ya spika hupata moto mpaka ikaungua. Basi mwenye kupita kiasi ameudhi watu, na juu yake ameteketeza mali. Na uharibifu wa mali ni israfu.

La tatu: sabufa ichujwe isipokee ila sauti za chini kabisa. Kiasi cha mitetemo 80 kwa sekunde ni mwanzo mzuri kwa magari mengi. Sauti zilizo juu ya hapo ziachiwe spika za milangoni. Sabufa isiyochujwa huyachafua maneno, na mwenyewe hudhani dawa ni kuongeza sauti.

La nne: bao la namba, kifuniko cha buti na mapambo ya milangoni vikazwe, kwani vikilegea hutetemeka na kuongeza kelele juu ya kelele. Lakini mtu asijidanganye kwamba kukaza vyuma na kufunga vioo kumemaliza jambo. Kufunga vioo kunawazuilia watu maneno, wala hakuwazuilii mshindo.

La tano, nalo ndilo muhimu kuliko yote: sauti ipimwe kutoka nje. Simamisha gari mahali pa usalama, fungulia redio kwa kiasi ulichokizoea, funga milango, nenda hatua 20, kisha geuka usikilize. Ukiusikia mshindo, basi hiyo ndiyo sehemu yako inayowafikia watu. Rudi uishushe mpaka usiusikie. Na ufanye ada, kila unapoacha barabara kuu na kuingia mtaani, mkono wako uishushe redio kama unavyopunguza mwendo. Baina ya Isha na Alfajiri, na karibu na hospitali, shule, msikiti na nyumba yenye msiba, besi izimwe kabisa.

Enyi madereva na makondakta wa daladala na matatu, abiria amekulipeni nauli ili mumfikishe, hakukulipeni ili mumtikise kifua. Miongoni mwao yumo mama mjamzito, yumo anayetoka hospitali, na yumo anayehitaji kusema "Shusha" akasikika. Na dereva aliyezibwa masikio na mshindo wa gari lake huchelewa kuisikia honi ya mwenziwe na king'ora cha gari la wagonjwa. Na kuchelewa huko kunaweza kuwa roho ya mtu. Wenye magari nao wasiseme kwamba haya ni ya vijana. Aliyenunua spika na kuamrisha zifungwe ni mshirika katika kila zinachokifanya.

Mjue pia kwamba serikali zetu zimeliwekea jambo hili sheria. Kenya ilitoa kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo iliyozidi mwaka 2009, na Tanzania ikatoa kanuni za viwango vya kelele na mitetemo mwaka 2015. Kuzitii kanuni kama hizi, zinazolinda maslahi ya watu wala hazipingani na amri ya Mwenyezi Mungu, ni wajibu. Lakini haifai Muislamu angoje askari ndipo amsitiri jirani yake.

Na uadilifu hautimii mpaka tujitazame na sisi wa misikitini. Adhana ni wito, na haki ya wito ni kusikika. Ama darsa, kisomo na mawaidha marefu ya usiku, wanaoyahitaji ni wale waliohudhuria. Kipaza sauti cha nje kikiachwa wazi kwa mambo hayo saa ambazo watu wamelala, hadithi ya Al-Miqdad inatuhusu sisi kabla ya kumhusu kijana wa sabufa. Hatuwezi kumtaka ashushe nasi tumepandisha.

Ama nyinyi mnaoudhiwa, msiondoe dhara kwa dhara. Msilipige gari la mtu mawe, wala msimtukane mbele ya wenzake. Ngojeni mchana, mwendeeni kwa salamu, mwelezeni kwamba ukuta unaotikisika ni wa chumba alicholala mgonjwa. Vijana wengi hawajui yanayotokea upande wa pili wa ukuta, na akielezwa kwa upole huona haya. Akikataa, waendeeni wazee wake, kisha imamu, kisha wenye mamlaka. Na wazazi, mwambieni mwana kabla jirani hajalazimika kumwambia.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, Bukhari na Muslim wamepokea kwamba haingii katika ukamilifu wa imani mtu ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake. Kuna shari ambayo mtu huikimbia akafunga mlango, ikabaki nje. Na kuna shari hii ya besi, ambayo mlango hauizuii. Anayeweza kuizuia ni mmoja tu, naye ndiye aliyekishika kitufe. Basi amana hiyo imo mkononi mwake, na atakwenda kuulizwa juu yake.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe miongoni mwa wanaosikia maneno wakafuata yaliyo mema zaidi. Ewe Mola, yahifadhi masikio yetu na ya watoto wetu, uzilainishe nyoyo zetu kwa majirani zetu, na uwajaalie majirani zetu wasalimike na ndimi zetu, mikono yetu na sauti zetu. Waponye wagonjwa wetu, uwape usingizi wa raha waliokesha kwa maumivu, na uwarehemu waliotangulia. Ewe Mola, zijaalie nchi zetu amani, na uwaongoze viongozi wetu katika kheri. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amin.

Simamisheni Sala, Mwenyezi Mungu akurehemuni.